Minestrone ya Genova: supu ya chukuchuku inayoungwa mwishoni

Wiki yangu ya tatu jikoni, kwenye mkahawa mmoja mjini Genova, Italia, Barba mwenye mkahawa alikwenda sokoni akaniachia sufuria tupu. "Anzisha minestrone," akasema. Nilikuwa nimetoka kwenye sinki la vyombo juzi tu, na hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuachiwa moto. Basi nikafanya anavyofanya mtu yeyote aliyelelewa Malindi: mafuta, kitunguu, nikangoja kiwe chekundu, kitunguu thomu, kisha nyanya nikazipondaponda mpaka mafuta yakapanda juu. Jiko zima likanukia nyumbani. Barba aliporudi alisimama mlangoni, kofia kichwani na mifuko mikononi, akanusa mara mbili. "Hiyo ipeleke Milano," akasema, akaenda kubadilisha nguo. Hakugomba. Alichukua sufuria nyingine akaitia maji.

Barba si jina lake. Kwa Kiitaliano barba ni ndevu, na siku za kwanza nilidhani watu wanamtania, maana kidevu chake ni laini kama yai. Kumbe kwa Kigenova barba ni mjomba, na ndivyo mzee anavyoitwa kwa heshima. Nami nikamwita hivyo hivyo, kama ambavyo ningemwita ami mtu yeyote wa rika lake kule kwetu. Mkahawa wake ulikuwa Sampierdarena, upande wa magharibi wa bandari, meza kumi na moja, wateja wengi wakiwa watu wa makontena na wazee wa mtaani. Alhamisi ilikuwa siku ya minestrone. Nimeipika Alhamisi nyingi kiasi kwamba sasa mkono wangu hautafuti tena karai la kukaangia, ingawa hilo lilichukua muda kuliko kujifunza lugha.

Maana hapo ndipo kazi ilipo kwa mpishi wa kwetu. Sisi tunaunga kwanza. Maharagwe tunayachemsha, lakini ladha tunaanza kuijenga kwenye mafuta. Minestrone ya Genova inakwenda kinyume: kila kitu kinaingia kwenye maji kikiwa kibichi, bila kukaangwa, chukuchuku kabisa, kinachemka taratibu karibu saa mbili, na kuunga kunakuja mwisho moto ukiwa umezimwa. Kinachoungia ni pesto: rehani, yaani majani ya mrehani, kitunguu thomu, jibini na mafuta ya zeituni, vyote vibichi. Ukikaanga mwanzoni umepata supu nzuri tu, lakini pesto haitakuwa na pa kusimama, kwa sababu ladha ya kitunguu kilichokaangwa imeshakaa kwenye kiti chake.

Milano wanakaanga, na mara nyingi hutia mafuta au ngozi ya nguruwe na mchele badala ya pasta. Toscana wana ribollita, ya kabeji nyeusi na mkate mkavu, ambayo jina lake maana yake ni "iliyochemshwa tena". Veneto wana pasta na maharagwe, na huko watu watakuambia maharagwe ni ya Lamon, kijiji cha huko huko, basi. Neno lenyewe minestrone ni minestra, yaani supu ya kupakuliwa, ikaongezwa mkia wa ukubwa: supu kubwa. Kila nyumba ina yake. Mimi nitaeleza hii moja niliyofundishwa, ambayo haina nyama kabisa.

Tuanze na maharagwe, na ni jana yake usiku. Yanayotumika ni borlotti, yale yenye madoadoa mekundu juu ya ngozi ya rangi ya maziwa. Kenya ndugu yake yupo sokoni siku zote: rosecoco, ambayo wengine huita nyayo. Kwa watu sita chukua gramu 200 za maharagwe makavu. Chagua mawe, osha, loweka kwenye maji mengi kwa saa 12. Kiangazi Genova hupatikana borlotti mabichi kwenye maganda yao, mekundu yenye michirizi, na hayo hayalowekwi. Unayamenya na kuyatia moja kwa moja. Ila ukiyachemsha tu, urembo wote wa madoa unapotea na yanakuwa ya kahawia. Mara ya kwanza nilihuzunika kama mtoto.

Asubuhi mwaga maji ya kulowekea. Tia maji mapya, lita mbili na nusu, yachemke kwa nguvu dakika 10 kamili kabla ya kupunguza moto. Usiziruke hizo dakika 10. Maharagwe ya aina hii yana sumu ya asili inayosumbua tumbo vibaya, na inakufa kwa mchemko mkali tu. Moto wa uvuguvugu hauimalizi. Kwa hiyo wenye vile vyungu vya umeme vya kupika polepole mchana kutwa, chemsheni kwanza kwenye sufuria ya kawaida. Baada ya hapo moto mdogo, mfuniko nusu wazi, dakika 40 hivi, mpaka harage likibanwa kwa vidole likubali lakini lisivunjike.

Mambo mawili hapa. Usitie nyanya mapema. Uchachu wake unaifanya ngozi ya harage iwe ngumu, na utangoja mpaka adhuhuri. Na usitie magadi. Najua wengi wetu tumelelewa na magadi kwenye githeri na maharagwe, na ni kweli yanalainisha haraka, lakini yanaacha ladha ya sabuni na yanaharibu vitamini B1, na katika supu isiyokuwa na viungo vikali ile sabuni haina pa kujificha. Kama maharagwe yako hayaivi baada ya saa moja na nusu, ni ya zamani. Hakuna dawa.

Mteja mmoja, mwalimu mstaafu aliyekuwa akikaa meza ya dirishani, aliwahi kunifanyia hesabu ambayo sijaisahau. Alisema: toa kwenye sahani hii kila kitu kilichotoka mabara ya Amerika. Kolombasi alikuwa mtu wa hapa hapa Genova. Kabla ya safari yake ya 1492 hakuna Mwitaliano aliyewahi kuona harage la borlotti, kiazi, nyanya, wala zukini. Hata mishiri ni harage lile lile likiliwa changa. Nikatoa. Kilichobaki ni kabeji, kitunguu, karoti, majani. "Na harage la wakati huo lilikuwa lipi?" nikamuuliza. Akatoa simu akanionyesha mchoro wa mchoraji Mwitaliano Annibale Carracci wa miaka ya 1580: mkulima amefungua kinywa, kijiko njiani, bakuli mbele yake. Nikavuta picha karibu. Ndani ya bakuli ni kunde! Kunde hizi hizi zenye jicho jeusi, zinazotoka Afrika, ambazo Warumi walikuwa wakizila miaka mingi kabla ya maharagwe kuvuka bahari. Tangu siku hiyo nikikosa borlotti natia kunde bila kumwomba mtu ruhusa. Zinaiva haraka zaidi, hazihitaji kulowekwa usiku kucha, ila supu inakuwa nyepesi kidogo, kwa hiyo ongeza kiazi kimoja.

Sasa mboga. Kwa sufuria hiyo ya watu sita: viazi vitatu vya wastani, karoti mbili, kitunguu kimoja, liki moja, bua moja la seleri, robo ya kabeji, zukini mbili, biringani moja dogo, kiganja cha mishiri, kiganja cha njegere, nyanya mbili zilizoiva, na fungu la majani. Majani ya Genova ni bietole, na hapa watu wa Kenya mna bahati msiyoijua: ile mboga tunayouziwa kwa jina la spinachi, yenye majani mapana na bua nene jeupe, ndiyo bietole hasa. Hakuna haja ya kutafuta kitu kingine. Zukini za huku zinaitwa trombette, ndefu, zimepinda kama baragumu, za upande wa Albenga. Hazina maji mengi kama zile za kawaida. Ukitumia za kawaida, zitie mwishoni zaidi.

Majira yanabadilisha sufuria. Wakati wa baridi hakuna zukini wala biringani. Badala yake linaingia boga, kabeji inakuwa nusu badala ya robo, na uyoga mkavu kidogo uliolowekwa. Lakini si kila mboga iliyolala friji. Watu huandika kwamba minestrone ni supu ya kutupia chochote ulichonacho, na nadhani ndiyo sababu watu wengi wameila mbaya. Bitiruti inaifanya nyekundu. Pilipili hoho inaimeza ladha nyingine zote. Brokoli ikichemka saa nzima inanuka, jirani atakuuliza. Barba alikuwa na kanuni yake: mboga tano za lazima ni kiazi, harage, kabeji, kitunguu na kitu kimoja cha kijani cha majira. Zilizobaki ni wageni. Wakaribishwe, lakini wasiwe wengi kuliko wenyeji.

Kata kila kitu vipande vya ukubwa wa punje ya karanga hivi, isipokuwa viazi viwili kati ya vitatu. Hivyo viwili menya uvitie vizima. Utajua kwa nini.

Maharagwe yakishakubali kidole, tia vile vigumu: viazi, karoti, kitunguu, liki, seleri, kabeji. Na ganda la jibini. Ganda la Parmigiano, jibini gumu la Kiitaliano, halina nta wala plastiki, ni jibini lenyewe lililokauka. Likwangue kwa kisu upande wa nje, lioshe, lizamishe. Linatoa uzito na chumvi ambayo mtu hawezi kuitaja jina. Mkahawani tulikuwa tukiyaweka kwenye mfuko ndani ya friji ya barafu wiki nzima yakingoja Alhamisi. Wanaouliza: Parmigiano hutengenezwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama, kwa hiyo mwenye shaka na hilo aliache; supu haitakufa. Mimi wakati huo naongeza kijiko cha mafuta ya zeituni na nachemsha dakika 10 zaidi.

Maji yafunike mboga kwa vidole viwili, si zaidi. Wageni wa supu hii hukosea hapa: wanaona sufuria imejaa vitu wanaongeza maji. Usiongeze. Kabeji itanywea, zukini zitatoa maji yake. Weka birika la maji moto pembeni, kama itazidi kukaza utatia upawa mmoja mmoja. Maji baridi hayaingii, yanaikatiza.

Moto wa taratibu, dakika 40. Iwe inatokota kwa kiputo kimoja hapa, kimoja pale, kama uji wa mgonjwa. Kisha tia laini: zukini, biringani, mishiri, njegere, majani yaliyokatwakatwa, na nyanya zilizomenywa. Vijiko viwili vya mafuta ya zeituni. Chumvi sasa, lakini kidogo, kwa sababu jibini na pesto vina chumvi yao. Dakika 40 nyingine.

Kuanzia hapa usiende mbali. Supu inaanza kuwa nzito na itashika chini. Kila dakika tano pitisha mwiko wa mbao mpaka kwenye sakafu ya sufuria, ukikwangua polepole. Ikishika, usikwangue ule ukoko. Hamishia supu sufuria nyingine kwa upawa na uache kilichoungua kilipo. Niliwahi kujaribu kuokoa sufuria ya lita 20 kwa kukoroga kwa nguvu, nikaugeuza ukoko wote kuwa sehemu ya chakula. Siku hiyo tuliuza omleti.

Sasa vile viazi viwili vizima. Vimeshakuwa laini, vitafute, vibonde kwa mgongo wa upawa kwenye ukuta wa sufuria, pamoja na upawa mmoja wa maharagwe. Koroga. Utaona maji yanageuka rojo nzito mbele ya macho yako. Huo ndio unga wa supu hii. Hakuna unga wa ngano, hakuna maziwa, na tafadhali usitie mashine ya kusagia ndani ya sufuria. Barba alikuwa na mashine hiyo na hakuwahi kuiingiza kwenye minestrone. Mtu lazima aone kwenye kijiko: hili harage, hii karoti.

Kipimo ni mwiko. Usimamishe katikati, uachie. Ukianguka mara moja, bado. Ukiinama polepole kama mzee anayekaa kitini, tayari kwa pasta. Pasta yenyewe ikishaiva, mwiko usimame.

Pasta iwe ndogo. Genova wanapenda bricchetti, vijiti vifupi ambavyo jina lake ni njiti za kiberiti, au scucuzzu, punje za mviringo zinazofanana na kuskusi kubwa. Ditalini, vile vibomba vifupi, vinafaa. Nyumbani vunja tambi za spageti kwa urefu wa njiti ya kiberiti, umeshapata bricchetti. Zifunge kwenye kitambaa cha jikoni kabla ya kuvunja zisiruke kila pembe. Tambi nyembamba tunazopikia za sukari hazifai, zitayeyuka. Gramu 150 zinatosha watu sita. Mkono utakushawishi kuongeza kwa sababu zikiwa kavu zinaonekana kiduchu. Usikubali: zinakunywa maji hata baada ya moto kuzimwa. Nilitia gramu nyingi siku moja, saa sita na nusu ilikuwa supu, saa nane ilikuwa ugali. Mzee mmoja aliomba kisu.

Na kama hamtakula wote kwa pamoja, gawanya supu kabla ya pasta. Tia pasta kwenye ile ya kuliwa leo tu. Mkahawani tulifanya hivyo kwa kila duru ya wateja.

Pasta ikibakiza dakika moja kuiva, zima moto. Funika. Sasa geukia pesto, au kama wewe ni mpangilifu kuliko mimi, iwe umeshaitwanga.

Nilipofika Genova nikaona rehani zimepangwa dukani kwa vifungu, na mizizi yake, zimefungwa kwa karatasi kama maua ya harusi, nikajua nimefika kwa watu. Kwetu mrehani unapandwa nje ya mlango, majani yake yanaingia kwenye kikuba pamoja na asumini, mwanamke akipita unajua kapita. Sikuwahi kufikiri ni kitu cha kula. Nilimwambia Barba kwamba kwetu hii ni manukato. Akafikiri kidogo akasema hata hapa ni manukato, ila wao wanayala. Rehani ya kule Pra', mtaa ulioko magharibi zaidi ya Sampierdarena, ina majani madogo, laini, yaliyopinda kama kijiko, na haina ule ukali wa karafuu ulio kwenye mrehani wa pwani yetu. Ukitumia wa nyumbani chagua majani machanga ya juu, na upunguze kiasi kwa theluthi moja.

Kiasi: majani ya rehani gramu 50, punje mbili za kitunguu thomu, chumvi ya mawe nusu kijiko cha chai, vijiko vinne vya chakula vya Parmigiano iliyokunwa, viwili vya pecorino ambayo ni jibini la maziwa ya kondoo, na mafuta ya zeituni kama mililita 80. Pesto ya pasta hutiwa pinoli, zile kokwa ndogo za msonobari. Ya minestrone Barba hakuzitia: alisema supu ina maharagwe na viazi, mafuta ya kokwa yanakwenda kufanya nini tena huko? Badala yake aliongeza kitunguu thomu.

Wenyewe hutumia kinu cha marumaru na mchi wa mbao. Kinu chako cha kutwangia viungo kinatosha, ila kioshe sana, kisije kikawa na bizari ya jana. Ponda kitunguu thomu na chumvi mpaka viwe urojo. Tia majani kidogo kidogo. Usiyapige kama unakoboa mahindi. Zungusha mchi, yasage kwenye ukuta wa kinu, mkono mmoja ukizungusha mchi na mwingine ukigeuza kinu upande wa pili. Yakiwa malaini tia jibini, halafu mafuta kwa uzi mwembamba. Dakika 15, jasho kidogo. Kwa mashine inawezekana: weka bakuli na visu vyake kwenye friji nusu saa kabla, kisha bonyeza na kuachia, bonyeza na kuachia, kwa sababu joto la visu ndilo linaloyafanya majani yawe meusi.

Sufuria iliyozimwa ikae dakika 10. Ndipo tia vijiko vitatu vilivyojaa vya pesto, koroga mara chache, funika tena. Ukiitia supu ikichemka, rehani inageuka rangi ya maji ya mfereji, jibini linajivuta kama uzi, na harufu yote inapanda darini. Ukiitia wakati huu, utainua mfuniko baada ya dakika tano na jiko litakuambia lenyewe. Hiyo ndiyo saa ambayo mimi, kila Alhamisi, nilikuwa nakumbuka harufu ya kile kitunguu nilichokaanga wiki ya tatu, na kuona kwa nini kilitumwa Milano.

Haipelekwi mezani ikitoa moshi. Hili nalo lilinisumbua, maana kwetu chakula kisichochoma mdomo ni kama umemdharau mgeni. Minestrone huliwa vuguvugu, na kiangazi huliwa imepoa kabisa, na hapo ndipo kila ladha inajitokeza. Baada ya pesto iache dakika 20 nyingine. Pakua kwenye sahani pana badala ya bakuli refu, tia uzi wa mafuta ya zeituni juu, jibini pembeni mtu ajinyunyizie. Lile ganda la Parmigiano limekuwa laini kama kitu cha kutafuna. Kwenye familia watoto huligombania. Mkahawani lilikuwa la mpishi.

Wazee wa Sampierdarena walikuwa wakisimulia kwamba zamani bandarini palikuwa na mashua zenye jiko, zikiitwa catrai, zikipiga makasia kutoka meli hadi meli zikiwauzia mabaharia minestrone. Mtu amekaa wiki kadhaa anakula biskuti kavu na nyama ya chumvi, hata hajashuka nchi kavu, anaona mashua inakuja na harufu ya rehani. Mimi ni mtoto wa pwani, babu yangu alikuwa mtu wa majahazi. Hadithi hiyo sihitaji kuelezwa mara mbili. Na hata Kiitaliano changu cha kwanza kilikuja kwa bahari: Malindi tumekaa na Waitaliano tangu miaka ya 1960, walipoweka kituo chao cha San Marco cha kurushia roketi kule Ngomeni, na mtoto wa ufukweni anajua kusema ciao kabla ya kujua kuandika.

Iliyobaki. Waitaliano wana msemo kuhusu mtu anayerudiana na mpenzi wa zamani: wanaita hiyo minestra riscaldata, supu iliyopashwa moto, yaani kiporo, na hawaisifu. Lakini kwa sufuria hii kiporo ni bora kuliko ya jana, mradi hukuitia pasta. Ipooze haraka: igawanye kwenye vyombo vipana visivyo na kina, na iingie friji ndani ya saa mbili. Humo inakaa siku tatu. Ipashe kwa moto mdogo na maji kidogo mpaka ichemke, tia pasta mpya, zima, kisha tia pesto mpya. Ukitaka kuigandisha kwa barafu, igandishe bila pasta na bila pesto. Hukaa miezi miwili vizuri.

Na tumbo likikuuma baadaye, usikimbilie kulaumu sufuria. Pellegrino Artusi, yule wa kitabu cha mapishi cha 1891 ambacho Waitaliano bado wanakipikia, anasimulia kwamba mwaka 1855 alikula minestrone mjini Livorno, usiku tumbo likamsokota, akakesha akiilaani supu. Asubuhi akapanda treni akaenda zake Firenze. Habari zikamfuata huko: kipindupindu kimeingia Livorno, na wa kwanza kuuawa ni mwenye nyumba aliyompangisha chumba.

Ile yenye pasta iliyobaki haipashwi moto. Asubuhi inakuwa imeganda, unaikata kwa kijiko. Barba alikuwa akiila hivyo hivyo saa tatu, amesimama kando ya sinki, mkate mkono wa pili, kabla hajaniuliza kama maharagwe ya leo nimeyaloweka.